Sanduku Lililokataa Kupanda Ngazi: Uhakiki wa Filamu Fupi za Vichekesho vya Kishindo

Katika kikao kimoja cha idara nilipendekeza kwamba wanafunzi wetu wa fasihi simulizi waonyeshwe filamu fupi ya zamani ya Laurel na Hardy. Mwenzangu mmoja, ambaye nilimheshimu na ningali namheshimu, aliniuliza swali moja tu: "Dhamira yake ni nini?" Sikuwa na jibu. Nilisema jambo fulani kuhusu wafanyakazi na waajiri, nikaona mwenyewe kwamba ninaropoka, nikanyamaza. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lile, au pengine la kuonyesha kwamba halistahili kuwa swali la kwanza.

Swali lenyewe si la ajabu. Tangu miaka ya 1970 uhakiki wa Kiswahili umelelewa katika mjadala wa fani na maudhui, na katika mjadala huo maudhui ndiyo yaliyokaa kiti cha mbele. Kazi ya sanaa iliulizwa inamfunza nini mwananchi, iko upande wa tabaka gani, inaijenga jamii au inaibomoa. Maswali hayo yalikuwa ya haki, na wakati wake uliyadai. Lakini yalituachia mazoea mabaya: kila kisichokuwa na funzo tulikiita "burudani tu," tukakipita. Tanzia ilipata wahakiki. Ramsa ilipata hadhira. Na ndani ya ramsa yenyewe, ile ya maneno, yenye kejeli na tashtiti, ilivumiliwa kwa kuwa kejeli ina shabaha. Ile ya mtu kuteleza, kugongwa ubao kisogoni na kumwagikiwa maji ikaachiwa watoto.

Aina hii ya pili ndiyo ninayoiita hapa vichekesho vya kishindo. Waigizaji wa Kiitalia wa zamani walikuwa na kifaa cha vibao viwili vilivyoshikamana upande mmoja. Mtu akipigwa nacho hakuumia, lakini vibao vilipogongana vilitoa mlio mkubwa. Jina la Kiingereza la sanaa hii limetokana na kifaa hicho. Nimechagua "kishindo" kwa sababu neno letu linabeba mambo mawili yanayohitajika: kwamba kitu kizito kimetua, na kwamba hata asiyekiona amekisikia.

Tuanze na hoja inayotolewa mara nyingi kueleza kwa nini filamu hizi, zilizotengenezwa Marekani takriban miaka mia iliyopita, zinaendelea kuchekesha. Hudaiwa kwamba ni kwa sababu hazina lugha: mtu akianguka, kila binadamu anaelewa. Hoja hii ina ukweli wa nusu, na nusu inayobaki inapotosha. Sisi hasa tuna sababu ya kuitilia shaka, kwa kuwa palikuwa na wakati ambapo ilikanushwa rasmi kwa ajili yetu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, Tanganyika, palifanywa majaribio ya kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Mwaka 1939 Uingereza ikaunda chombo maalumu cha filamu za makoloni, na William Sellers, aliyekuwa mtu wake mkuu, alishikilia kwamba hadhira ya Kiafrika isiyozoea sinema ihitaji picha za pole pole, zisizokatwa katwa, zisizo na hila yoyote ya kamera, vinginevyo haitafahamu. Hayo ndiyo yaliyoaminiwa. Yaliyotendwa yalikuwa mengine. Magari ya sinema yalipozunguka vijijini kuhubiri vyoo na kilimo bora, katika makoloni mengi yalibeba pia kichekesho cha Charlie Chaplin ili watu waje. Na hakuna sinema yenye mwendo wa haraka na hila nyingi kushinda Chaplin. Watu wale wale walioambiwa hawawezi kufuata filamu ya minyoo walimfuata Chaplin bila mkalimani.

Walifanya zaidi ya kumfuata. Walimpa ngeli. Neno "chale," kwa maana ya mtu wa kuchekesha watu kwa vitendo na maumbile yake, limo katika kamusi zetu, na asili yake inayoelekea akilini ni jina Charlie. Jina la pekee limegeuka nomino ya kawaida. Hapo si Chaplin tena, ni aina ya mtu: chale wa harusini, chale wa darasani. Hadhira isiyoelewa haitungi istilahi. Iliyotunga imekwisha kuona kwamba mtu yule mwenye kofia ya duara na viatu vikubwa si kisa kimoja bali ni mfano wa visa vingi, na kuona hivyo ndiko tunakokuita uhakiki tunapokufanya sisi kwa mshahara. (Lugha nayo ina mzaha wake: machale ya aina nyingine, yale yanayomcheza mtu anapohisi hatari, hayakumcheza Sellers.)

Basi, kama si kukosa lugha, ni nini? Ningependa nikae kwa kitambo na filamu moja, The Music Box, iliyotolewa 1932, ikaongozwa na James Parrott katika studio ya Hal Roach. Ilipata Tuzo ya Academy kwa vichekesho vifupi, mara ya kwanza tuzo hiyo ya filamu fupi za kuchekesha kutolewa. Urefu wake haufiki nusu saa. Kisa chake kinaweza kusemwa kwa sentensi moja: watu wawili wanapeleka piano iliyofungwa katika sanduku la mbao kwenye nyumba iliyo juu ya kilima, na kuna ngazi. Ngazi hizo zipo hata leo katika mtaa wa Silver Lake, Los Angeles; zina vidato 133.

Wanapandisha. Yaya mwenye kigari cha mtoto anashuka, anaomba njia. Wanamsogezea, na sanduku linateremka hadi barabarani. Wanapandisha tena. Polisi anaita kutoka chini, linateremka. Wanapandisha. Anashuka mtu mwenye vyeo vingi baada ya jina lake, profesa, ambaye hataki kuzunguka sanduku kama watu wengine. Kofia yake inaangushwa, inabingirika vidato vyote na kukanyagwa na gari. Wanafika juu kabisa, hata mbele ya mlango, na sanduku linarudi tena mpaka chini, likimburuta mmoja wao. Wanalipandisha upya. Hapo yule tarishi aliyewaelekeza mwanzoni anawaambia kwamba palikuwa na barabara ya kuzunguka nyuma ya kilima. Wangaliweza kuja na mkokoteni wao wa farasi hadi mlangoni. Nao wanafanya nini? Wanalibeba sanduku, wanashuka nalo vidato vyote, wanalipakia, na kuja kwa barabara.

Nimeitazama filamu hii mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima, na sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayoniangusha kila mara. Mpaka hapo walikuwa wakishindwa na ngazi. Sasa wanashindwa na mantiki, na mantiki yenyewe ni sahihi: njia iliyo bora ni barabara, na sharti tuifuate njia iliyo bora. Kosa ni kwamba wamekwisha kufika. Si ujinga wa kawaida huu. Ni utiifu kwa kanuni baada ya sababu ya kanuni kuondoka, na anayekaa katika ofisi za umma, au katika kamati za chuo, ataujua mara moja.

Mtambaji wa ngano angeitambua filamu hii kuwa ya kwao. Msingi wake ni takriri. Shujaa anapoomba njia kwa mlinzi wa kwanza, wa pili na wa tatu, hadhira haishangai. Inangoja, na raha imo katika kungoja. Ndivyo ilivyo hapa. Baada ya sanduku kuteremka mara ya pili hakuna mtazamaji asiyejua litateremka tena. Kinachobaki ni lini, kwa sababu gani, na nani atakuwa mbele yake. Nilipoionyesha darasani, wanafunzi walianza kucheka pale kofia ya profesa ilipoonekana tu juu ya ngazi, kabla hajasema neno. Walikuwa wakicheka jambo ambalo halijatokea. Hadhira inayocheka kabla ya tukio imekwisha kuwa mtunzi mwenza, sawa na hadhira ya ngano inayoitikia wimbo kabla mtambaji hajaumaliza.

Hata namna filamu hii ilivyotungwa ni ya kisimulizi. Mwaka 1927 Laurel na Hardy walikuwa wametoa filamu bubu, Hats Off, ambamo walipandisha mashine ya kufulia katika ngazi zizo hizo. Filamu hiyo imepotea. Nakala yake haijulikani iliko. The Music Box ni masimulizi ya pili ya kisa kile kile, mtambaji akiwa amebadili mzigo. Mabadiliko hayo ni ya busara sana, kwa maana piano ina jambo ambalo mashine ya kufulia haina: inalia. Tunakaribia kutoiona piano yenyewe hadi mwishoni, lakini kila kidato kinapoligonga sanduku nyuzi zake zinatetema ndani kwa mlio wa kulalamika. Mara nyingine kamera inabaki juu, kwenye nyuso za hao wawili, huku mlio ukishuka na kushuka. Tunasikia kuanguka, tunaona kuelewa.

Hapa ndipo hoja ya "hakuna lugha" inaponiudhi zaidi, kwa sababu naona kinyume chake. Vichekesho vya kishindo ni lugha yenye fonolojia yake, na Kiswahili kina vifaa vya kuieleza ambavyo Kiingereza kinavitamani. Sisi hatusemi tu kwamba mtu ameanguka. Ameanguka pu, kwa uzito; mchangani tifu; majini chubwi; matopeni tapwi; sakafuni pa. Mti umevunjika kacha. Tanakali hizi si pambo la kitenzi. Zinataja mahali, uzito na mwisho wa tendo kwa silabi moja au mbili. Mchekeshaji mzuri wa kishindo hufanya hivyo hivyo kwa mwili. Hardy, mtu mnene mwenye adabu nyingi, huanguka pu, kisha huitazama kamera kana kwamba anamwomba mtazamaji ushahidi. Laurel hujikuta chini bila kujua alifikaje, kama nguo iliyodondoka kutoka kwenye kamba. Mtu aliyezoea kutofautisha tifu na tapwi hana haja ya kufundishwa kwamba miangukio hii miwili si sawa.

Mfaransa Henri Bergson, katika kitabu chake juu ya kicheko cha mwaka 1900, alisema kwamba tunacheka pale uhai unapovaa umashine, mtu anapotenda kama kitu. Nadharia hiyo imenukuliwa sana, na kwa Laurel na Hardy wanaoshuka ngazi kwa kutii barabara inafaa. Lakini inaacha nje mwigizaji wa tatu wa filamu. Sanduku halifanyi kama mashine. Linafanya kama mbuzi anayepelekwa sokoni: linasubiri uangalifu upungue, kisha linakwenda zake. Kilichonifungua macho ni mwanafunzi mmoja niliyemtaka atusimulie filamu kwa Kiswahili baada ya kuitazama. Alianza vizuri kisarufi: sanduku lilipandishwa, sanduku likateremka. Alipofika katika safari ya tatu, bila kujitambua, akasema: "Sanduku akaona hawa wamechoka, akaamua kurudi." Wenzake walicheka, si kwa kosa, bali kwa kuwa alikuwa amepatia. Upatanisho wa kisarufi ulihama kutoka LI-YA kwenda A-WA wakati ule ule kitu kilipopata nia. Ngano zetu hufanya hivyo kila siku, chungu kinaponena na jiwe linapofunga safari. Nadharia ya Bergson inahitaji nyongeza kutoka katika sarufi ya Kibantu: tunacheka pia pale kitu kinapobadili ngeli.

Chaplin anaifahamu ngeli hiyo, ila anaielekea kwa njia nyingine. Katika The Pawnshop ya 1916 yeye ni mfanyakazi katika duka la kuweka rehani. Mtu analeta saa ya mezani. Chaplin anaipima mapigo kwa kifaa cha daktari. Saa ni mgonjwa. Anaifungua kwa kifungulia kopo, anainusa. Saa ni samaki wa kopo aliyechacha. Anavitoa vyuma vya ndani kimoja kimoja, na mwishoni anavikusanya katika kofia ya mwenyewe na kumrudishia kwa kutikisa kichwa: haichukuliki. Hiki ni kitendawili kilichotegwa kwa mikono. Mteguaji wa kitendawili hutakiwa aione nyumba isiyo na mlango akatambua yai. Mtazamaji wa Chaplin anapewa yai na kuonyeshwa nyumba. Mwendo wa fikira ni mmoja, umegeuzwa tu. Na mwenye saa, Albert Austin, anasimama kimya muda wote akiwa na imani isiyotikisika kwa mtaalamu. Wagonjwa wengi wamesimama hivyo, na wateja wa mafundi redio pia.

Nisije nikaonekana nimelewa sifa, lazima niseme yanayochacha katika sanaa hii. Buster Keaton, ambaye pengine ni fundi mkubwa kuliko wote niliowataja, anajipaka rangi nyeusi usoni katika The Playhouse ya 1921 na kuigiza "Waafrika" wa jukwaani kwa mtindo uliokuwa wa kawaida Marekani wakati huo. Filamu hiyo ina ustadi wa kamera wa kustaajabisha: Keaton anaonekana mara nyingi kwa pamoja katika picha moja, akijaza ukumbi mzima na nafsi yake. Niliiona kwa mara ya kwanza nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, katika ukumbi uliokuwa na mpiga piano halisi mbele ya kitambaa. Watu walicheka mfululizo, nami nilikuwa miongoni mwao, mpaka nyuso zile zilipotokea, nikajikuta peke yangu kwenye kiti changu. Hakuna aliyeniudhi kwa neno. Kicheko cha jirani tu kiliendelea sekunde chache baada ya changu kukoma. Wanaosema kwamba kichekesho cha kishindo ni cha binadamu wote wasikilize ni lini kila mtu anaacha kucheka. Tena si rangi pekee: yaya wa The Music Box anapigwa teke, na kilichoiokoa sehemu hiyo ni kwamba yeye hulipa kwa chupa ya maziwa kichwani.

Ninalolitambua katika kuchacha huko ni hili. Uso uliopakwa rangi hauna mzigo. Hakuna anayejaribu kufanya jambo na kushindwa; kuna mtu anayeonyeshwa kwamba ni wa aina fulani, basi. Kichekesho cha kishindo kinapodumu, aghalabu ni kwa sababu kuna kazi ngumu inayofanywa kwa bidii. Katika One Week ya 1920, Keaton huyo huyo na mkewe, Sybil Seely, wanapewa kwa zawadi nyumba iliyokatwa vipande, imo masandukuni, kila sanduku na namba yake. Mposaji aliyekataliwa anabadili namba. Keaton anaijenga nyumba kwa uaminifu kabisa kwa kufuata namba za uongo, na inasimama, imepinda kama meno ya mzee. Dhoruba inaizungusha kama pia. Kisha wanaambiwa wamejenga kiwanja kisicho chao. Chao kiko ng'ambo ya reli. Wanaikokota, inakwama relini, na treni inakuja. Wanafumba macho. Treni inapita kwenye njia ya pili, kando. Wanapumua, wanakumbatiana, na treni nyingine kutoka upande wa pili inaisaga nyumba. Keaton anaweka kibao kwamba kifusi kinauzwa, anaambatisha karatasi ya maelekezo ya ujenzi, anamshika mkewe mkono, wanaondoka.

Karatasi ile ya maelekezo ingetosha kumjibu mwenzangu wa kikao. Ningeweza kumwambia: dhamira ni mnyonge kupokea mpango uliotungwa mbali na kuharibiwa na mwingine, akautekeleza kwa jasho, kisha akaambiwa hata ardhi si yake. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kusukumwa ili aone mfano huo. Na ningeweza kusema kwamba Laurel na Hardy ni mahamali, kwamba mwaka 1932 Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, kwamba wanabeba juu ya mgongo kitu ambacho hawatakimiliki kamwe. Yote hayo ni kweli. Lakini nikiyaweka mbele nitakuwa nimefanya lile lile walilofanya wenye magari ya sinema: nitakuwa nimemtumia Chaplin kuvuta watu ili niwahubirie vyoo.

Ninachodai ni kidogo zaidi, na pengine ni kigumu zaidi kukubalika. Mpangilio wa kichekesho, yaani takriri yake, kipimo cha kungoja, sauti ya kitu kinapotua, na wakati ambapo ngeli inahama, ni elimu inayostahili kufundishwa kwa jina lake, kama tunavyofundisha mizani na vina bila kumtaka mwanafunzi atuambie kwanza mizani ina dhamira gani. Tunao wataalamu wa arudhi waliokesha kuhesabu silabi. Sijui mtaalamu aliyekesha kuhesabu kati ya kuteleza na kuanguka ni pumzi ngapi, ingawa kila mtambaji mzuri na kila mwigizaji wa Vioja Mahakamani aliyewahi kuchekesha alizijua.

Mwaka huu nimetunga swali la mtihani: mwanafunzi atazame dakika tano za The Music Box, azisimulie kwa Kiswahili, kisha aonyeshe ni katika sentensi gani sanduku limeacha kuwa "li-" likawa "a-", na kwa nini hapo na si kabla. Kamati imelirudisha swali kwangu ikiniomba nitaje dhamira inayopimwa. Nimelirudisha kwao jinsi lilivyo.